Ndizi zote zina madini sawa? Maswali na majibu

Hivi ndizi si ndizi tu, au kila aina ina madini yake?

Hazilingani. Cavendish, ile ya njano inayouzwa dunia nzima, kwenye gramu 100 ina potasiamu kama miligramu 360 na magnesiamu 27. Ukija kwenye ndizi za kupika zile kubwa ndefu, mkono wa tembo, potasiamu inafika karibu 490 na magnesiamu 36. Watu wakiona hivyo wanasema aah, hii ndo kiboko, ila subiri kwanza, Cavendish robo tatu yake ni maji na mkono wa tembo maji ni kama asilimia 65, ukiyaondoa hayo maji potasiamu yao inakuwa karibu sawasawa kabisa.

Sasa vinasaba vinaingia wapi?

Karibu ndizi zote tunazokula zimetoka kwa migomba miwili ya porini, Musa acuminata na Musa balbisiana, wataalamu wanaiita A na B. Cavendish ni AAA, mkono wa tembo ni AAB, zipo na ABB. Herufi ni tatu kwa sababu mmea una seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) badala ya mbili, na hapo ndo mbegu zinaposhindikana. Chukua ndizi mbivu uikate kwa urefu, vile vidoti vyeusi vya katikati ni mbegu zilizokwama njiani. Sasa mgomba usio na mbegu unapandwa kwa chipukizi, kwa hiyo Cavendish zote ni kama mapacha, ukipima mbili ukakuta madini yanapishana usilaumu vinasaba, angalia udongo, mbolea na jinsi ilivyokomaa.

Nina upungufu wa damu, nile aina gani?

Yoyote unayoipenda, ila usiitegemee kwa damu. Cavendish ina chuma miligramu 0.26 tu kwa gramu 100, ya kupika kama 0.6, wakati mwanamke anayepata hedhi anashauriwa apate 18 kwa siku, yaani ale karibu kilo 7 za Cavendish (nani anaweza?) na bado chuma cha mimea mwili unakinyonya kidogo. Penye tofauti kubwa kati ya aina na aina ni karotini inayogeuka vitamini A, nyama ya ndizi ikiwa ya rangi ya machungwa jua ipo nyingi. Lakini hayo sio madini.

Figo zangu zina shida nikaambiwa nipunguze potasiamu, nibadilishe aina?

Kubadilisha aina tu hakutakuokoa. Potasiamu inayeyuka kwenye maji, so ya kupika imenye, ikatekate vipande vidogo, ichemshe kwenye maji mengi halafu uyamwage, inapungua ila haiishi, kwa hiyo kiasi cha kula kipange na daktari wako. Mwenye figo nzima yeye asimwage, hayo maji ayafanye mchuzi.