Jiwe halijulikani kwa rangi: soma hii kabla hujatuletea sampuli

Simu za watu wanaouliza kuhusu mawe waliyookota zimekuwa nyingi. Mvua zimepita, makorongo yameoshwa, watu wanaokota, alafu ujenzi hapa Dodoma tangu Serikali ihamie haujapoa, kila mtu anatafuta kokoto na kila mwenye kiwanja chenye majabali anadhani kakalia mgodi. Naandika kama mtu wa jiolojia, siyo msemaji wa taasisi, kwa hiyo hii ni elimu tu, haichukui nafasi ya majibu ya maabara.

Haya. Mwamba unapangwa kwa namna ulivyozaliwa, siyo kwa rangi wala kwa jina alilokupa muuzaji. Kuna miamba moto, iliyotokana na magma (mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi) kupoa. Kuna miamba tabaka, mchanga na matope na mabaki ya viumbe vilivyotuama vikashikana. Na kuna miamba geu, ambayo ilikuwa kitu kingine ikabanwa na kupashwa joto huko chini mpaka ikabadilika bila kuyeyuka. Mlisoma shule, sirudii.

Kinachonichosha ni hili la "mawe yanakua". Mzee mmoja aliniambia, mwanangu, jiwe la nyuma ya nyumba yetu nilipokuwa mdogo lilinifika kiunoni, leo linanipita kichwa. Mzee hadanganyi, kaona kweli, ila kilichobadilika ni udongo. Majabali mengi ya huku, ya Dodoma mpaka Singida, ni itale (madukani wanaita graniti), yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, na yalipoa kilomita kadhaa chini ya ardhi, taratibu mno, ndo maana chembe zake ni kubwa unaziona kwa macho: ya pinki au nyeupe ni feldspa, inayofanana na kioo ni kwazi, vidoa vyeusi vinavyometa ni ulanga. Ardhi ya juu ikaliwa na mvua na upepo, uzito ukapungua, jabali likapasuka, maji yakaingia kwenye nyufa, na pembe huwa zinalika kwanza, kwa hiyo unabaki na mawe ya mviringo yamebebana kama kuna mtu kayapanga. Udongo ukiendelea kuchukuliwa na maji jiwe linazidi kuonekana. Halijakua hata sentimita.

Wala hayakurushwa na volkano. Lava, yaani magma iliyotoka nje, inapoa haraka juu ya ardhi, ndo unapata besalti, nyeusi, chembe hata uikodolee macho huzioni. Mlima wa volkano mnao jirani, Hanang.

Kosa lingine, na hili hata mafundi wazuri wanalifanya: wakiona jiwe lina mistari myeupe na myeusi wanasema miamba tabaka. Hapana. Mistari hiyo hapa kwetu mara nyingi ni naisi, yaani mwamba geu, madini yamejipanga mistari kwa kubanwa, hayakutuama majini. Na kama ulanga umezidi jiwe linabanduka bapa bapa, ukilipeleka krasha (mashine ya kuponda mawe) unapata kokoto bapa isiyofaa kwa zege la nguzo. Alafu nyumba ikipata ufa analaumiwa simenti.

Dhahabu sasa. Kijana kaja na mfuko wa mawe yanang'aa, kafunga kwenye fulana mbili. Nikachukua pini nikachokonoa, kikabanduka kigamba chembamba kama ganda la kitunguu. Ulanga. Dhahabu haibanduki, ukiichoma pini inabonyea tu, na ukiigonga inatandazika, wakati pairaiti, madini mengine ya kung'aa yanayofanana na dhahabu, inasagika ikawa unga mweusi. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama nina uhakika.

Marumaru nayo: hizo za sakafuni mnazoita marumaru ni udongo uliochomwa kiwandani. Marumaru yenyewe ni mawe ya chokaa yaliyogeuka, na ukimwagia ndimu inaliwa, mng'ao unaondoka. Kwa hiyo mama ukiuziwa "graniti" ya jikoni, kwaruza sehemu isiyoonekana kwa kisu. Itale haikwaruziki kirahisi, marumaru inakwaruzika.

Ukileta sampuli, ukubwa wa ngumi, jiwe bichi la kuvunjwa siyo lililooza juu juu, kila jiwe mfuko wake, andika namba, kijiji, na koodineti za mahali ulipolitoa (simu yako inazo), tarehe, na kama limetoka kwenye mwamba wenyewe au limeokotwa korongoni, maana la korongoni limesafiri. Usichanganye mawe ya sehemu mbili. Narudia, usichanganye.

Na hati ya kiwanja siyo leseni ya madini. Madini ni mali ya Jamhuri, na mawe, mchanga na kokoto za ujenzi nazo ni madini chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123. Kuchimba na kuuza kunahitaji leseni. Ya mchimbaji mdogo ni kwa raia wa Tanzania na inadumu miaka 7, inahuishwa. Bila leseni kuna faini au kifungo au vyote, na mzigo unaweza kutaifishwa. Viwango muulize Afisa Madini wa mkoa wako, mimi sivitaji hapa nisije nikanukuliwa. Pia mtoni kuna hifadhi ya mita 60 kutoka ukingoni kwa sheria ya mazingira, kwa hiyo ukikamatwa na lori la mchanga usiseme hukujua.

Na msipake mawe mafuta ili yang'ae kabla ya kuyaleta. Tunajua.