Theluji ya Mwisho wa Masika: Maelezo kwa Wapandaji wa Nyanda za Juu Kusini

Wapandaji wengi ninaowaandaa hapa Mbeya kwa safari ya Kilimanjaro huuliza kwanza habari za baridi, ilhali jambo la kuulizwa mapema zaidi ni tarehe. Huku kwetu mvua huja kwa msimu mmoja unaoanza Novemba, na Mei inapofika anga la Mbeya huwa limetakata na kipupwe kimeanza. Kaskazini, masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na wakati Moshi inalowa mvua, juu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, huanguka theluji. Anayepanga safari kwa kutazama anga la kwao hukuta njia ya kileleni imefunikwa.

Milima yetu ya Loleza na Rungwe hujenga mapafu na magoti, lakini haimfundishi mtu theluji. Tope la Rungwe huteleza asubuhi kama linavyoteleza jioni, ilhali theluji hubadilika kila baada ya saa chache. Usiku, anga likiwa safi, uso wake huganda ukaweza kubeba uzito wa mtu. Jua likichomoza, mteremko wa kutoka Kibo Hut, kambi ya mwisho, hadi Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, kwa kuwa uko upande wa mashariki, hupigwa nalo mapema; tabaka la juu hulegea, na kufikia saa nne asubuhi mguu huweza kuzama hadi gotini. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuondoa watu kambini karibu na usiku wa manane, wala si picha ya macheo, kama wengi wanavyodhani.

Kwenye theluji ngumu, vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu vina faida kuliko kiatu cha bei kubwa. Unapopanda, piga ncha ya kiatu mara mbili hadi ipate pa kushika, ndipo uhamishe uzito; unaposhuka, tanguliza kisigino na ukikite, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Vijana hupenda kuserereka kwa makalio, nami huwakataza, kwa sababu chini ya theluji hiyo laini yapo mawe yaleyale ya siku zote.

Chupa ya maji ibebwe kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kugandia juu, na kizibo kilichoganda hakifunguki. Miwani nayo haina mjadala: theluji mpya huweza kuakisi hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na macho yaliyoungua huanza kuuma saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshashuka.

Kutoka Gilman's Point, mita 5,685, hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, njia hufuata ukingo huo wa kreta, na theluji huirefusha sana kwa saa. Kundi likifika Gilman's Point wakati theluji imeshaanza kulegea, mimi huligeuza hapohapo, hata wakinung'unika, kwa kuwa mteremko waliopandia ndio huohuo watakaoushukia, na kila dakika utakuwa laini zaidi.