Je, wajua kwa nini uliyemfuta jina bado anafungua waraka wako?

Mhasibu wenu ameacha kazi Ijumaa. Jumatatu unafungua faili la mishahara kwenye Google Drive, unaliondoa jina lake, unashusha pumzi. Wiki mbili baadaye uko ndani ya faili hilohilo, na pale juu kinajitokeza kikatuni cha mnyama, ngamia au kiboko, bila jina la mtu. Ni nani huyo, na amepita wapi?

Amepita kwa kiungo (link), ile anwani inayofungua waraka ukiibonyeza. Google humpa sura ya mnyama mtu aliyefungua waraka ilhali hayumo kwenye orodha ya walioalikwa. Huenda ni mhasibu wako, huenda ni mtu aliyetumiwa kiungo hicho na mwingine. Orodha ya majina ni daftari la mlinzi getini: jina likikatwa, mgeni anarudishwa. Kiungo kilichofunguliwa kwa yeyote aliye nacho ni ufunguo. Hakiulizi kimeshikwa na nani, na kinasafiri WhatsApp kwa sekunde moja. Kukata jina daftarini hakubadilishi kitasa.

Njia ya pili ni folda, na hii ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa kuwa haina kelele. Ukimfungulia mtu folda, umemfungulia kila kilichomo na kwa kawaida kila kitakachotiwa humo baadaye. Januari mlimshirikisha mchapishaji folda ya bajeti. Juni mwenzenu anatumbukiza humo mikataba ya wafanyakazi. Hakuna aliyempa mchapishaji ruhusa ya kuisoma, lakini anayo.

Ofisi za serikali Tanzania zilizoea kudhibiti nani aone nini tangu enzi za karatasi: masijala ya wazi mbali, masijala ya siri mbali, na jalada likitoka huandikwa limekwenda kwa nani. Upande wa kompyuta, mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kuwa kila mtumiaji apewe ruhusa inayotosha kazi yake tu. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wakaeleza namna ya kuifunga ruhusa kwenye cheo badala ya mtu. Unda kundi la uhasibu, lipe kundi ruhusa. Mtu akiondoka unamtoa mahali pamoja, na kila alichokifikia kupitia kundi kinafungwa.

Kwa hiyo Jumatatu ile anza na kiungo: kirudishe kwa walioalikwa pekee. Kisha panda hadi folda mama, uone nani yumo. Ndipo ulishughulikie jina.

Nakala aliyokwisha kuipakua kwenye simu yake haitarudi. Mwenye waraka anaweza kuwazimia watazamaji upakuaji na uchapishaji, na kwa faili la mishahara ningefanya hivyo tangu siku ya kwanza, nikijua kwamba bado mtu anaweza kuielekeza kamera ya simu kwenye kioo akapiga picha.