Kuba ni nini? Tazama juu ndani ya Pantheon

Kuba ni paa la duara lililopinda kama bakuli lililofunikwa kifudifudi. Neno tumelipata kwa Waarabu, na likitajwa wengi wetu tunauona msikiti. Lakini ukitaka kujua kuba inasimamaje, nenda Pantheon, jengo la Roma lililokamilika katika miaka ya 120 baada ya Kristo, zama za Kaizari Hadrian.

Shida yenyewe anaijua kila aliyelala katika nyumba kongwe ya mawe Lamu au Unguja. Chumba ni kirefu lakini chembamba, kwa sababu upana wake hauwezi kuzidi boriti. Kuba haina boriti. Ya Pantheon ina upana wa mita 43 na ushei, na chini yake hakuna nguzo ya kuishikilia katikati. Ni zege tupu, wala halina nondo.

Chukua nusu ya ganda la chungwa, lifunike mezani, ulikandamize kwa kiganja. Juu panabonyea, kingo zinatanuka, mwisho zinachanika. Kuba nayo ina tabia hiyo hiyo: uzito wake hauendi chini tu, unasukuma na pembeni. Mafundi wa Kirumi waliizungushia ukuta mnene wa kama mita 6, mzito wa kutosha kuzuia msukumo huo. Kisha kadiri walivyopanda wakabadilisha mchanganyiko wa zege: mawe mazito yakabaki chini, juu wakatia mawe ya volkano yenye matundu matundu, mepesi. Paa nalo likawa linapungua unene, hadi kileleni likabaki mita 1 na kidogo. Mimi hapo ndipo ninapowavulia kofia, maana fundi wa haraka angekoroga zege la aina moja mpaka juu. Nyufa zipo, tena zimeanzia chini zikapanda, sawasawa na za chungwa. Ila kuba haijashuka.

Halafu kuna lile jicho: tundu la karibu mita 9, liko wazi pale kileleni. Mtu hudhani hapo ndipo penye udhaifu. Kumbe zege linalolizunguka limebanana kama pete, kila upande ukiusukuma mwenziwe, na uzito ambao ungekaa katikati haupo kabisa. Ndilo dirisha pekee la ukumbi mzima. Jua likisogea, duara la mwanga nalo linatambaa ukutani.

Jicho hilo halina kioo. Mvua ikinyesha Roma, inanyesha na ndani ya Pantheon, ambayo tangu mwaka 609 ni kanisa. Sakafu ya marumaru imeinuliwa kidogo katikati, ina na vitundu vya kupitishia maji, na watu husimama pembeni pakavu wakiangalia matone yakishuka mita 43.