"Si jibu tunalijua, mwalimu": maneno ya uthibitisho na tunavyoyaelewa vibaya

Jioni moja kwenye tuisheni hapa Masasi niliandika ubaoni: thibitisha kwamba pembe za ndani za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi 180. Kijana mmoja wa kidato cha pili akachora pembetatu tatu, akatoa kipimapembe, akapima. Ya kwanza ikatoka 180, ya pili 179, ya tatu 181. Zile mbili za mwisho akazifuta na kuandika 180. Nikamwuliza amefutia nini. "Si jibu tunalijua, mwalimu."

"Kupima ni kuthibitisha." Kumbe hata yeye hakukiamini kipimo chake: kilipopishana na kauli, kilichofutwa ni kipimo. Kuthibitisha ni kuonyesha kwamba kauli haiwezi kuwa vinginevyo, kwa hatua ambazo kila moja ina sababu yake. Pitisha mstari kwenye ncha ya juu ya pembetatu, uwe sambamba na kitako. Pembe mbili za kitakoni zinajitokeza tena kule juu, moja huku na moja kule ya pembe ya tatu, kwa sababu ya usambamba huo. Zote tatu sasa zimekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka: nyuzi 180. Hakuna aliyeuliza pembetatu ina ukubwa gani, na kipimapembe kimebaki mkebeni.

"Mifano ikiwa mingi, inatosha." Kwenye korosho, sawa. Ghalani mkaguzi huchota kiasi kutoka kwenye magunia, akapasua, akatenga nzima na mbovu, na kwa hizo chache mzigo mzima unakadiriwa. Hisabati haina makadirio hayo. Chukua n² + n + 41, fomula inayonasibishwa na mwanahisabati Leonhard Euler. Weka 0 upate 41, weka 1 upate 43, weka 2 upate 47, zote namba tasa. Endelea hivyo mpaka 39 na kila jibu ni tasa. Mifano 40 mfululizo! Nani asingesaini? Kisha weka 40: inatoka 1681, ambayo ni 41 × 41. Huo ndio mfano kinzani, nao ukiwa mmoja tu unatosha kuiangusha kauli.

"Kama hivi basi vile, na kinyume chake." Hapa lugha ya nyumbani inatuponza. Mzazi akisema "ukifaulu nakununulia baiskeli", mtoto anaelewa pia kwamba akifeli baiskeli hakuna. Kihisabati hilo la pili halijasemwa. "Kama uko Mikindani, basi uko Mkoa wa Mtwara" ni kweli. Igeuze useme aliye Mkoa wa Mtwara yuko Mikindani, na mtu wa Newala, mkoani humohumo, atakucheka. Mgeuzo ulio salama ni ule unaogeuza na kukanusha pande zote mbili: kama hauko Mkoa wa Mtwara, basi hauko Mikindani. Aliye Nachingwea, Mkoa wa Lindi, hahitaji kuelezwa. Kwenye jometri ni vilevile: mistari miwili ya mraba inayotoka kona hadi kona ya mkabala ina urefu sawa, lakini ukiona pembenne yenye mistari hiyo sawa usikimbilie kuiita mraba, huenda ni mstatili.

"Hiyo ni nadharia tu." Mtaani nadharia ni maneno yasiyo na vitendo. Kwenye hisabati nadharia, kama ile ya Pythagoras, ni kauli iliyokwisha kuthibitishwa, na hakuna fundi atakayeipinda. Kauli tunayokubaliana nayo mwanzoni bila kuithibitisha, ili tupate pa kuanzia, ndiyo aksiomu.

"Au" maana yake kimoja tu. Sivyo. Namba inayogawanyika kwa 2 au kwa 3 ni pamoja na 6.

"Herufi ni namba yoyote, kwa hiyo moja inatosha." Kosa hili ndilo linalonichosha kuliko yote, maana kwenye daftari linapendeza. Swali: thibitisha kwamba witiri mbili zikijumlishwa zinatoa shufwa. Mwanafunzi anaandika: witiri ni 2k + 1, kwa hiyo (2k + 1) + (2k + 1) = 4k + 2, shufwa, anapiga mstari chini. Kweli k ni namba yoyote, lakini ndani ya sentensi moja k ni ileile. Alichothibitisha ni 3 na 3, 7 na 7, mapacha watupu. Zaidi ya hapo, 4k + 2 ikigawanywa kwa 4 daima inabaki 2. Nikamwambia ajumlishe 3 na 5. Akapata 8, akaitazama 8, akaitazama 4k + 2.

Akarudia: 2k + 1 na 2m + 1. Jumla ni 2(k + m + 1). Akaweka 1 kwenye k na 2 kwenye m, na 8 ikatoka.