Hapana, Kingereza si Kifaransa cha kubadilisha matamshi

Wiki hii tena, hapa Goma, mtu amekuja kutafuta masomo akaanza na ile ile: "Mwalimu, sisi tumesoma Kifaransa toka primeri, Kingereza tuko nacho nusu tayari, utufundishe matamshi tu." Jamani! Hiyo imani inaharibu barua za kazi za watu wenye akili kabisa.

Msingi wake upo, sikatai. 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, wakubwa wakaongea Kifaransa miaka na miaka hata mahakamani, mpaka 1362 ndipo sheria ikaagiza kesi zisemwe Kingereza. Maneno yakaingia kwa maelfu, ndiyo maana "justice" na "prison" hakuna wa kukufundisha.

Lakini neno likishahamia kwa watu wengine linafuata desturi za huko. Angalieni "safari" yetu: mwambie Mwingereza uko na safari ya Butembo, atawaza simba na tembo. Na hilo tumewapa juzi tu, haya ya Kifaransa yamekaa kwao karne na karne.

Sasa chukua barua ya kuomba kazi kwenye ONG, shirika lisilo la serikali. Mtu kichwani ana "je demande un emploi", yaani naomba kazi, anaandika "I demand a job". Anayesoma anasikia amri, kama mtu amegonga meza. Chini yake "I assisted at a training", kumbe alihudhuria tu, ila msomaji ameelewa alisaidia kufundisha, na kwenye enterviu akiulizwa alifundisha nini anaonekana mwongo. Na hii ndiyo inaniuma zaidi: "I can eventually work on Saturday". Yeye anawaza "éventuellement", yaani labda, ikiwezekana. Kwa Kingereza ameshasema hata ikichelewa, mwishowe atafanya. Sarufi iko sawa, herufi ziko sawa, kompyuta haipigi mstari mwekundu hata mmoja, na maana imepinduka!

Wa fasihi nanyi: "novel" ni "roman", yaani riwaya, ile "nouvelle" yenu, hadithi fupi, wao wanaiita "short story". Tusirudie tena.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalioni: kwa mtu wa Kifaransa maneno makubwa ndiyo mepesi. "Commence", "descend", "interrogate" yanatoka yenyewe, "begin", "go down" na "ask" hayaji. Ndiyo maana mtu anasoma hukumu ya mahakama anaelewa, akifika Kampala anakwama kwenye "put off", yaani kuahirisha. Na ukimwandikia rafiki kwamba unataka kumu-"interrogate", atajiona yuko polisi.

Vitabu vinapenda kusema ng'ombe akiwa hai ni "cow", Kingereza cha mkulima, akifika mezani ni "beef", Kifaransa cha bwana. Mimi pia naifundisha juu inakaa kichwani, ila mambo hayakuwa safi hivyo, kwa karne nyingi "beef" ilikuwa pia ng'ombe mzima anayetembea. Na hayo matamshi mnayoyataka kwanza, "garage" Waingereza wenyewe wanaitamka namna zaidi ya moja, sasa nikupe kanuni gani?

Ukija kwangu, njoo na barua yako uliyoandika mwenyewe na kamusi ya Kingereza kwa Kingereza. Ile ya Kifaransa-Kingereza iache nyumbani kwanza.