Kutoa otomatiki na kuweka manyuali kwenye gari la kale: pima katikati kwanza

Mtu akitaka kutoa giaboksi ya otomatiki kwenye gari lake la kale aweke ya manyuali, yaani ya klachi na gia za mkono, swali la kwanza analoniuliza ni giaboksi gani itaingia. Ukiwa na grainda na mashine ya kulehemu, karibu yoyote itaingia. Mimi humwambia tuanze pale giaboksi inapokutana na injini, maana hapo ndipo kazi nyingi za aina hii zinapoharibikia.

Chukua Ford Mustang ya 1966 yenye V8 ya 289 (inchi za ujazo) na otomatiki ya C4, ya gia tatu. Mimi hupenda kuiwekea T-5 ya gia tano, ile ya Mustang za lita 5.0 za miaka ya 1980. Sababu yangu ni gia ya tano, yenye uwiano wa 0.68. Kwa difu yenye uwiano wa 3.55 na tairi lenye mzunguko wa mita 2, gari likienda kilomita 100 kwa saa katika gia ya moja kwa moja, yaani ya nne, injini inazunguka karibu mara 2,960 kwa dakika. Tia tano: inashuka hadi 2,010 hivi. Kwa safari ndefu hayo ni mabadiliko makubwa, na injini yenyewe hujaigusa.

Otomatiki haina flaiwili nzito, lile gurudumu la nyuma ya injini ambalo klachi hufungwa juu yake. Ina sahani nyembamba ya chuma inayoshikilia toki konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na otomatiki), na hiyo inatoka. Kuwa mwangalifu na flaiwili unayoweka: ya 5.0 ya miaka ya 1980 imesawazishwa kwa wakia-inchi 50 (kipimo cha uzito wa kusawazishia), ilhali 289 inataka 28. Kwa macho hutaona tofauti kubwa. Ukikosea, injini itatetemeka na hakuna tyuning itakayoituliza. Starta nayo ikague, kwa sababu ya otomatiki na ya manyuali kwa Ford hazilingani kina cha pua.

Nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, pana tundu la beringi ndogo inayobeba ncha ya shafti ya giaboksi. Chungulia hapo kabla hujanunua chochote. Chrysler, kwa mfano, waliacha krenki nyingi za magari ya otomatiki bila kulimalizia tundu hilo, na hapo utahitaji mkerezaji.

Sasa kipimo chenyewe. Hauzingi ya klachi, ile yenye umbo la kengele, ina tundu kubwa ambalo giaboksi hukaa ndani yake. Katikati ya tundu hilo lazima paangukie katikati ya krenki. Funga hauzingi peke yake, bila giaboksi. Bandika geji ya saa (yenye mshale unaoonyesha tofauti ndogo sana) kwenye flaiwili kwa sumaku, ncha yake iguse ukingo wa ndani wa tundu, kisha zungusha krenki kwa mkono taratibu, duara zima. Tofauti kati ya usomaji wa juu kabisa na wa chini kabisa isizidi inchi 0.005, yaani kama milimita 0.13. Ukipata 0.020, hauzingi imehama nusu ya hapo, 0.010, kwa sababu geji inahesabu pande zote mbili. Dawa yake ni pini za kuelekeza hauzingi ambazo ncha zake mbili haziko kwenye mstari mmoja wa katikati; unazigeuza na kupima tena hadi usomaji ushuke. Ukishamaliza, hamisha ncha ya geji kwenye uso wa hauzingi upime kama umesimama sawa.

Gari langu la kwanza la namna hii sikulipima. Kila kitu kiliingia bila kulazimisha, nikaridhika. Baada ya muda likaanza kuvuma gia ikiwa niutro na kutulia nikikanyaga klachi, kisha likawa linaruka gia nikiachia mafuta. Niliifungua giaboksi nikakuta beringi ya mbele imeliwa. Iliniuma, kwa kuwa giaboksi ilikuwa nzima nilipoifunga na mimi ndiye niliyeiua.

Pedali ya klachi ya kebo au ya haidroliki inasukuma kwa nguvu ukuta wa bati ulio kati ya injini na abiria, na gari lililotoka na otomatiki huenda halikuimarishwa hapo. Lehemu sahani ya chuma kabla bati halijapasuka. Propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, ikatwe kwa kipimo kilichochukuliwa gari likiwa limekalia magurudumu yake, na uache sentimita 2 hivi za nafasi mbele ya yoki, kichwa cha propela kinachoingia kwenye giaboksi.

Swichi iliyozuia injini isiwake otomatiki ikiwa ndani ya gia usiiunge moja kwa moja na kuisahau. Hamishia waya zake kwenye swichi ya pedali ya klachi, gari lisije likaruka mbele mtu akiwa amesimama pale.

T-5 nyingi za miaka hiyo zinatumia mafuta ya otomatiki, jambo linalowashangaza wengi. Giaboksi kongwe zenye sinkronaiza (pete zinazolainisha kuingia kwa gia) za shaba huwa natia mafuta ya gia ya daraja la GL-4, kwa sababu baadhi ya GL-5 hula metali hiyo.

Kabla ya kurudisha zulia, washa injini, kanyaga klachi hadi chini, hesabu hadi kumi, kisha tia rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii. Rekebisha mwendo wa pedali kwanza. Ikiendelea kukwaruza, shusha giaboksi urudie geji ya saa, kwani shafti iliyokaa upande huburutwa na krenki hata klachi ikiwa wazi.